Lori moja au Land Cruiser mbili? Kuchagua gari la kuzunguka Ziwa Turkana na Chalbi

Mvua za masika zikishakatika kaskazini mwa Kenya, kuanzia mwezi wa sita hivi, simu huanza: tuko watu kadhaa, tunataka kufika Loiyangalani, ule mji wa ukingoni mwa Ziwa Turkana, tupande lori la kundi au tukodi Land Cruiser? Nimefika Ziwa Turkana mara tano. Mara mbili nilikwenda na lori, mara mbili na Land Cruiser, na mara moja kwa magari ya wenyeji. Kwa muda mrefu nilikuwa nawajibu watu vibaya, kwa sababu nilikuwa nalinganisha lori moja na Land Cruiser moja. Ukishaiacha lami pale Marsabit ukashika jangwa la Chalbi, Land Cruiser moja ni nusu ya safari. Ikikwama, mmekwama nyote na hakuna wa kwenda kuita. Linganisha lori moja na Land Cruiser mbili. Ukianzia hapo bei hubadilika, siku hubadilika, hata idadi ya watu wa kuwaalika hubadilika.

Lori la kundi ninalosema ni lile refu, lililofungwa viti ishirini na kitu nyuma ya kibanda cha dereva, mapazia ya turubai ubavuni, makabati ya mahema na vyombo chini ya sakafu, tangi la maji na meza ya kupikia inayokunjuliwa kutoka ubavuni. Ndiyo magari ambayo watalii hupanda Nairobi wakashukia Victoria Falls au Cape Town wiki kadhaa baadaye. Wengi wetu huyaona yakipita tu tukadhani ni ya wageni. Lakini chama, kikundi cha kanisa, klabu ya wapanda milima au wanafunzi wa chuo wanaweza kulikodi zima, pamoja na dereva, msaidizi na mpishi. Na ukiniuliza, kaskazini ndiko lori hilo linakostahili kwenda kuliko kwingine kokote.

Kwanza amua njia

Gari hufuata njia. Kuna watu wanalipia lori la siku tisa kumbe wanachotaka ni kuliona ziwa, kulala usiku mbili na kurudi. Kwa hao ipo njia ya upepo. Lami inakwenda kutoka Nairobi hadi Isiolo na kuendelea hadi Moyale. Ukifika Laisamis unakata kushoto. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulitengeneza kilomita 208 za barabara kutoka Laisamis ili matrela yaliyobeba minara na mabawa yapite. Mradi ulizinduliwa mwaka 2019, barabara ikabaki. Ni changarawe iliyoshindiliwa, pana, na magari yanapita kila siku. Ukimaliza mitambo unabakiwa na kipande cha mawe, kisha ziwa. Kwa njia hiyo Land Cruiser moja inatosha kabisa, na lori ni kujichelewesha bure. Kama hiyo ndiyo safari yako, kodi gari dogo moja na usihangaike na sehemu kubwa ya makala haya.

Ninayoizungumzia hapa ni duara lenyewe: kupanda kwa Marsabit, kuvuka Chalbi kwa Maikona, Kalacha na North Horr, kushuka Loiyangalani, kisha kurudi kwa South Horr, Baragoi na Maralal. Upande wa Maralal lami imefika mjini. Mbele ya hapo unapita ukingo wa Poro, ambako ardhi inaanguka ghafla kuelekea Bonde la Suguta, na wengi hukaa kimya pale bila kuambiwa. Kisha mchanga wa makorongo makavu, kisha mawe meusi ya volkano ambayo hukata tairi kwa pembeni kama wembe. Upande wa Chalbi ni kitanda cha ziwa la kale, tambarare na cheupe kwa chumvi. Kikikauka unakimbiza gari kama uko uwanja wa ndege. Kikilowa kinakuwa matope yasiyo na mwisho. Duara hilo ndilo linalodai uchague vizuri.

Nani atakutoa mkikwama

Hili ndilo swali langu la kwanza siku hizi, kabla ya bei.

Mara yangu ya pili na lori tulikuwa abiria 22. Kati ya South Horr na Baragoi kuna malaga mengi, ndivyo watu wa kaskazini wanavyoyaita makorongo ya mchanga yasiyo na maji mpaka mvua inyeshe mlimani. Saa kumi jioni tuliingia moja lililoonekana jepesi. Lori likapita katikati vizuri, likaanza kupunguza mwendo, likatulia. Tulipochungulia chini, magurudumu ya nyuma yalikuwa yamezama hadi difu likagusa mchanga. Dereva akashuka, akapiga magoti, akachota mchanga mkononi akauacha umwagike. Hakusema kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la beleshi.

Mzee mmoja wa Kisamburu alikuwa amesimama ukingoni na mbuzi wake. Dereva akamwamkia, "Supa, mzee." Mzee akaitika, kisha akainua fimbo akaielekeza mlimani, ambako wingu jeusi lilikuwa limekaa kileleni.

"Kule kunanyesha," akasema. "Hii laga usilale ndani yake, kijana wangu."

"Maji yatafika lini, mzee?"

"Usiku. Labda mapema."

Tulikuwa na mabeleshi mawili. Wengine wakachimba kwa sufuria, kwa sahani, kwa mikono. Dereva akapunguza upepo wa tairi zote, msaidizi akaweka vile vibao vya chuma vyenye matundu mbele ya magurudumu, sisi wengine tukasukuma. Lori likasogea kiasi cha urefu wake, likazama tena. Tukachimba tena, tukahamisha vibao, tukasukuma. Mara saba. Mama mmoja mwalimu mstaafu, aliyekuwa na miaka 63, aliwekwa kusimamia maji ya kunywa na alizunguka na kikombe bila kumruka mtu. Saa moja kasoro lori lilipanda ukingo wa pili. Tukapiga kambi juu, mbali na mkondo. Saa tatu usiku tulisikia sauti kama upepo kwenye mahindi, tukaenda na tochi kuangalia. Maji yalikuwa yamekuja, rangi ya chai ya maziwa, yakibeba matawi na povu. Hayakufika hata magotini, lakini mashimo yetu yote yalikuwa yamefutika.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu limebeba uzuri na ubaya wa lori kwa pamoja. Lori ndilo lililojitia taabuni: likiwa limejaa lina uzito wa tani nyingi, na Land Cruiser yenye tairi zilizopunguzwa upepo ingevuka laga lile ndani ya dakika moja. Lakini lori lilibeba dawa yake lenyewe, mikono 44. Hata kubadilisha gurudumu lake, ambalo peke yake lina kilo mia hivi, si kazi ya kumtisha mtu mkiwa wengi.

Sasa upande wa pili. Mara ya kwanza nilipokwenda na gari dogo tulikuwa wanne na dereva, gari moja. Kampuni tuliyoikodi ilituambia gari lina winchi, ile mota ya kulivuta gari kwa waya, nasi tuliiona pale mbele ikining'inia waya wake, tukaridhika. Ilikuwa mwisho wa Mei, mvua zimekatika, na Chalbi juu ilikuwa imeanza kuwa nyeupe. Kati ya Maikona na Kalacha dereva alitoka kwenye alama za magari akakwepa kidimbwi. Ukoko wa chumvi ulishika kwa mita kama hamsini. Halafu ukapasuka mara moja, na chini yake kulikuwa na tope la kijivu lenye harufu ya yai bovu. Saa nne asubuhi. Dereva akabonyeza swichi ya winchi, kimya. Mota yake ilikuwa imeungua, bila shaka siku nyingi.

Nilikasirika sana, na bado nikikumbuka nakasirika, kwa sababu mtu anayejua unakwenda Chalbi na kukupa winchi iliyokufa anacheza na maisha yako. Lakini mchana, nikiwa nimekaa kwenye kivuli cha gari ambacho kilikuwa kinapungua kila saa, niliangalia pande zote nne na kuona jambo jingine. Hapakuwa na mti. Hapakuwa na jiwe. Hata winchi ingefanya kazi, ingefungwa wapi? Tulijaribu kuzika tairi la akiba ili tulifunge kamba tuvute kwa jeki, likang'oka kwenye tope kama jino la mtoto. Jioni kijana wa Kigabra alipita na ngamia zake, akatuachia maziwa kwenye chombo cha kusuka na hakutaka pesa. Usiku tulilala hapo. Kesho yake saa tatu lori la mahindi lililokuwa likienda North Horr lilitukuta, likatuvuta kwa mnyororo ndani ya dakika kumi.

Dakika kumi, na sisi tulikaa saa 23. Gari la pili lililosimama nyuma yetu kwenye ardhi ngumu lingekuwa ndio mti wetu. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema anakwenda Chalbi na Land Cruiser moja, namwambia atafute wenzake wa gari la pili, au apande lori.

Kuna pia suala la usalama. Maeneo ya Baragoi na Suguta yana historia ndefu ya wizi wa mifugo, na mwaka 2012 polisi wengi waliuawa huko Suguta. Miezi mingi ni shwari kabisa na watu wanapita, ila hali hubadilika haraka. Ukiwa na lori au na magari mawili, utaratibu ni ule ule: piga simu Maralal au Marsabit siku ya kuondoka, ongea na polisi na wenye magari ya mizigo, na ukiambiwa subiri, subiri. Hapa lori halina faida juu ya gari dogo. Pengine lina hasara, maana haliwezi kugeuza haraka.

Pesa

Watu hulinganisha bei ya kichwa kwenye lori na bei ya siku ya Land Cruiser, na hapo ndipo wanapopotea. Lori lina gharama zisizopungua. Dereva, msaidizi, mpishi na dizeli ni vile vile liwe na watu 8 au 20. Land Cruiser nayo hulipiwa kwa siku, iwe imejaa au la, na sasa unakodi mbili. Gari moja la safari ndefu, likibeba mahema, maji na madumu ya dizeli, linachukua abiria watano kwa raha. Sita mtasongamana. Kwa hiyo magari mawili ni watu kumi.

Ukifanya hesabu kwa njia hiyo utaona kuwa kati ya watu 8 na 10 Land Cruiser mbili zinashinda, na kuanzia 14 lori linashinda waziwazi. Hapo katikati, 11 hadi 13, ni pagumu: magari mawili hayatoshi, matatu ni ghali, na lori nusu tupu linamuumiza kila mtu mfukoni. Ushauri wangu ni kutafuta watu watatu zaidi au kuwaambia wawili wangoje zamu nyingine. Mkiwa wanne au watano tu, msikodi lori hata kidogo. Tafuteni lori ambalo tayari lina tarehe, mnunue viti.

Kwenye lori za viti kuna kitu kinachowashangaza wengi: mbali na nauli, kila abiria hutoa mchango wa pamoja mwanzoni mwa safari, wa chakula, kambi na ada za njiani. Uliza ni kiasi gani na unalipia nini hasa, kwa maandishi. Kwenye Land Cruiser za kukodi kinachofichwa ni dizeli na malazi ya dereva. Pampu za kutegemewa za mwisho ni Marsabit na Maralal. Kati ya hapo dizeli inauzwa kwenye mapipa, bei ikiwa juu na usafi wake ukiwa wa mashaka. Lori lina matangi makubwa na linaweza kulimaliza duara bila kuongeza. Gari dogo lazima libebe madumu, na madumu hayo yanakula nafasi ya mizigo yenu. Mimi sikubali dumu la dizeli ndani ya gari walimokaa watu. Liwe juu ya paa, limefungwa.

Siku na mwili

Kwa lori, duara hili ni siku tisa. Ukilibana unaweza kulimaliza kwa nane. Kwa Land Cruiser mbili ni siku sita au saba. Ukiwa na likizo ya wiki moja tu, mjadala umekwisha, kodi magari madogo. Kipande cha Maralal hadi Baragoi, kilomita mia hivi, tulikipita kwa saa tatu na nusu kwa Land Cruiser. Kwa lori kilitula kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, na kila tuliposimama watu 22 walishuka, wakapanda, wakahesabiwa.

Mwili nao unasemaje? Nilidhani gari dogo ni raha zaidi. Inategemea kiti. Kwenye lori, viti vya katikati, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, vinatulia kuliko kiti chochote cha Land Cruiser, kwa sababu chombo ni kirefu. Vile vya juu ya ekseli ya nyuma na nyuma yake vinakurusha hadi unagonga bomba la juu, na vumbi lote la barabara linarudi kupitia huko. Siku ya kwanza fika mapema, keti katikati, kisha pendekeza watu wabadilishane viti kila siku. Kwenye Land Cruiser madirisha yanafungwa na vumbi linapungua, lakini anayeketi nyuma kabisa kwenye vile viti vya pembeni atateseka. Ukiwa na mtu wa umri mkubwa au mwenye mgongo mbovu, mpe kiti cha mbele cha Land Cruiser au kiti cha katikati ya lori. Kumbuka pia kwamba ngazi ya lori ni ndefu na hupandwa mara kumi kwa siku. Yule mama mwalimu aliiweza, ila alianza mazoezi miezi miwili kabla.

Kwa watoto wa chini ya miaka kumi nachagua gari dogo bila kufikiri. Likianza kuwa joto mno unasimama, unarudi, unabadilisha mpango. Lori la watu ishirini halirudi kwa ajili ya mtoto mmoja.

Kambi, chungu na upepo

Hapa ndipo moyo wangu unapokuwa kwenye lori. Saa kumi na moja alfajiri, giza bado, msaidizi ameshawasha jiko, mtu wa zamu anasukuma chapati juu ya ile meza ya ubavuni kwa chupa ya soda, na wengine wanakunja mahema kwa tochi. Kwenye lori kuna nafasi ya kubeba gunia la viazi, mboga za siku nne, karai kubwa, mtungi wa gesi mkubwa, maji ya kutosha watu kunawa. Kwenye Land Cruiser mtakula wali na maharagwe ya kopo, na mkate mpaka uishe. Mkiwa kumi na mpishi mzuri mnaweza kula vizuri, lakini lazima mtu apange.

Lori lina zamu za kazi, na zamu ndizo zinazovunja au kujenga kundi. Siku ya tatu hivi atajitokeza mtu asiyeosha sufuria. Kundi linalojuana tangu nyumbani humwambia, likaendelea. Kundi la watu waliokutana stendi hunyamaza, likanuna hadi Maralal. Kama unajua wewe ni mtu wa kuhitaji ukimya, ishirini ni wengi mno kwako, na magari mawili madogo yatakupa angalau mchana wenye watu watano.

Jambo moja la Loiyangalani ambalo wachache huambiwa ni upepo wa usiku. Mchana kunaweza kuwa na joto kali bila jani kutikisika. Usiku wa manane upepo unateremka kutoka upande wa Mlima Kulal na kuvuma hadi asubuhi, kwa nguvu ile ile iliyowaleta wenye mitambo 365. Nimeona hema zuri likivunjika fito tatu kwa pamoja. Kwa lori tulilipaki kwa ubavu kuukata upepo, tukapanga mahema nyuma yake, tukalala. Kwa Land Cruiser mbili unaweza kuzipaki zikakutana kwa pembe, inasaidia kidogo. Kwa moja, lala kwenye nyumba za makuti za wenyeji. Mji wenyewe umekaa kwenye chemchemi na mikoma, na malazi ya kawaida yapo.

Wageni ishirini kijijini

Hapa lori linashindwa, na sitaki kulitetea. Waelmolo ni watu wachache sana, wavuvi wa ziwa hili tangu kale, na lugha yao ya asili karibu yote imeshamezwa na Kisamburu. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda, yakafunika makaburi yao na kukitenga kijiji chao cha Komote na nchi kavu, mpaka watu wakawa wanavuka kwa mashua kwenda shule na dukani. Siku tuliposhuka abiria 22 kutoka kwenye lori, kijiji kiligeuka jukwaa. Watoto walipangwa, wakaimba, simu zikanyooshwa, pesa zikagawanywa kwa makelele, tukaondoka ndani ya dakika arobaini. Mama mmoja alikuwa anaparua samaki mlangoni kwake. Watu wanne walimpiga picha bila kumsalimia.

Nilirudi kwa Land Cruiser mwaka uliofuata tukiwa watano. Tuliketi kwa mzee mmoja kuanzia saa tisa hadi jua linazama. Alituonyesha alikokuwa anaanika nyavu, sasa ni maji matupu, na nguzo moja tu ya ua ikichungulia. Alisema maji yanakuja polepole kama mgeni asiyebisha hodi. Jambo hilo usingelisikia ukiwa katikati ya watu 22.

Mkienda kwa lori, basi gawanyikeni. Sita waende kijijini asubuhi, sita jioni, wengine waende sokoni au wapande mashua, tena na mvuvi mwenyeji, na msioge ziwani bila kumuuliza, maana mamba wa Turkana ni wengi. Kiongozi wa safari akikataa mpango huo kwa sababu ya ratiba, msiende kijijini kabisa.

Wanyama

Hifadhi ya Samburu iko njiani na inastahili usiku mmoja: pundamilia wa Grevy, choroa, swala twiga na twiga wa madoa ya wavu, wote hao huwaoni Maasai Mara. Urefu wa lori unasaidia kuona juu ya vichaka, lakini ni kubwa na lina kelele, na haliwezi kuingia kila kijinjia. Tanzania makundi ya lori hayaingii nalo Kreta ya Ngorongoro. Hushushwa yakapanda magari madogo kwa siku hizo. Fanyeni vivyo hivyo Samburu: liacheni lori kambini, mkodi gari la hapo kwa asubuhi moja.

Magari ya wenyeji

Inawezekana. Basi hadi Marsabit au Maralal, kisha unasubiri lori la mizigo au Land Cruiser ya wafanyabiashara. Ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo iliyonifundisha Kiswahili cha kaskazini, lakini sehemu ya duara kati ya North Horr na Loiyangalani nilisubiri siku tatu. Kwa mtu mmoja au wawili wenye muda usiohesabiwa, nendeni. Kwa kundi, hapana.

Ningechagua nini

Mkiwa watu 14 hadi 20 mnaojuana, wenye siku tisa, chukueni lori, na nawaonea wivu. Mkiwa 8 hadi 10, au mna wazee, watoto au wiki moja tu, Land Cruiser mbili. Mkiwa wawili hadi watano na mnataka Chalbi, nunueni viti kwenye lori la kundi au mwungane na familia nyingine. Mkitaka ziwa tu, gari moja dogo kwa barabara ya Laisamis. Kati ya Machi na Mei na tena kati ya Oktoba na Desemba mvua inaweza kufunga Chalbi kwa magari yote. Miezi hiyo pangeni njia ya Maralal au ya Laisamis na muiache Chalbi kwa mwaka mwingine.

Kabla ya kulipa, nendeni gereji mkalione gari, si picha yake. Ulizeni leseni ya kubeba watalii na bima ya abiria. Hesabuni tairi za akiba: mbili kwa kila Land Cruiser, na kwa lori muulize msaidizi alibadilisha la mwisho lini na kwa jeki ipi. Takeni kuona mabeleshi, vibao vya mchanga, pampu ya kurudishia upepo, na simu ya setilaiti ikiwa imewashwa, kwa sababu kati ya vituo vya Chalbi mtandao hupotea kwa saa nyingi. Ulizeni kama mmelipiwa huduma ya ndege ya wagonjwa ya AMREF. Kiwanja cha ndege kipo Loiyangalani. Na kama ni Land Cruiser mbili, zipakini pale pale gereji zikitazamana, fungeni waya wa winchi ya moja kwenye ndoano ya nyingine, mwambieni dereva aiwashe, msimame mpaka muone gari la pili limesogea.